Kurudia Kama Utunzi: Rekodi za Baadaye za Mpiga Piano Randy Weston, 1989–2016

1.0 Utangulizi

Jina la Randy Weston si geni kwa wanahistoria wa muziki wa jazi, lakini nafasi anayopewa katika maandishi yao ni finyu, na mara nyingi huishia mwaka 1960. Novemba mwaka huo alirekodi jijini New York albamu ya Uhuru Afrika, kazi ya sehemu nne iliyopigwa na bendi kubwa, huku maneno yake yakiwa yametungwa na mshairi Langston Hughes. Watafiti wa Kiswahili nao humkumbuka kwa albamu hiyo hiyo, na kwa sababu iliyo wazi: shairi la uhuru linaloifungua lilisomwa pia kwa Kiswahili, na msomaji wake alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Neno uhuru lilinaswa katika santuri hiyo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa tarehe 9 Desemba 1961.

Baada ya hapo Weston aliishi karibu miaka 58 zaidi. Alifariki Brooklyn, mji aliozaliwa, tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na umri wa miaka 92, na kwa muda mrefu wa kipindi hicho aliendelea kurekodi. Makala haya yanahusu sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, kuanzia vikao vya Paris vya mwaka 1989 hadi kutolewa kwa The African Nubian Suite mwaka 2016. Hoja inayojengwa ni kwamba rekodi hizi zimepuuzwa kwa sababu zimepimwa kwa kipimo kisichozifaa. Mhakiki wa jazi, hasa yule aliyelelewa katika imani kwamba kila muongo lazima uzae mtindo wake, husikiliza ili apate jambo jipya. Akimkuta mzee anayepiga tena Hi-Fly, tena Blue Moses, tena African Cookbook, huandika kwamba mzee huyo anajirudia, kisha hufunga faili. Linalodaiwa hapa ni kwamba kurudia huko ndiko kulikokuwa utunzi wenyewe, na kwamba mambo makubwa katika maisha ya kisanaa ya Weston yanaonekana katika tofauti zilizopo kati ya toleo moja na jingine la kipande kile kile.

Neno jazi linahitaji angalizo. Katika Afrika Mashariki limezoeleka kama sehemu ya majina ya bendi za muziki wa dansi, kama vile Dar es Salaam Jazz Band, Western Jazz na Morogoro Jazz, ambazo muziki wake ulikuwa na nasaba nyingine, ya rumba zaidi. Hapa linatumika kwa maana ya muziki wa Wamarekani Weusi uliokua kutokana na bluzi, nyimbo za kanisani na bendi za mitaani.

2.0 Mtu asiyekuwapo

Kupuuzwa kwa Weston kuna sababu za kihistoria ambazo hazihusiani na ubora wa vidole vyake. Mwaka 1967 alizunguka nchi za Afrika Magharibi na Kaskazini katika ziara iliyodhaminiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Baada ya ziara hiyo alihamia Moroko, akafungua ukumbi wa muziki mjini Tangier na kuupa jina la African Rhythms. Alirudi Marekani mwaka 1972. Kwa maneno mengine, katika miaka ambayo makampuni na magazeti ya New York yalikuwa yakipanga upya orodha ya watu mashuhuri wa jazi, yeye hakuwapo.

Albamu aliyoirekodi mwaka 1972, Blue Moses, ndiyo iliyouzika kuliko zake zote. Iliwashirikisha Freddie Hubbard, Grover Washington na Ron Carter, na ilimtaka apige piano ya umeme, jambo ambalo baadaye alieleza waziwazi kwamba halikumpendeza. Baada ya mafanikio hayo yaliyomwacha na kinyongo, sehemu kubwa ya rekodi zake za miaka ya 1970 zilifanyika Ulaya, nyingi akiwa peke yake kwenye piano, kwa makampuni madogo ambayo santuri zake hazikufika mbali. Mtafiti anayezitafuta leo anakutana na matoleo yaliyotawanyika, baadhi yakiwa yamebadilishwa jalada. Hali hiyo haikubadilika kwa kiasi kikubwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, mlango ulipofunguliwa upande wa Ufaransa.

3.0 Siku tatu za Paris

Mwezi Juni 1989, kwa siku tatu mfululizo, Weston alirekodi Paris albamu tatu zilizotolewa na kampuni ya Verve: ya kwanza kwa heshima ya Thelonious Monk, ya pili kwa heshima ya Duke Ellington, na ya tatu ya tungo zake mwenyewe. Kikundi kilikuwa kidogo: Jamil Nasser kwenye besi, Idris Muhammad kwenye drami, na Eric Asante kwenye ngoma za mkono.

Mpangilio huo wa albamu tatu ni aina ya nasaba. Monk na Ellington walikuwa wamekwisha kufariki, wa kwanza mwaka 1982 na wa pili mwaka 1974, na anayejiweka baada yao anatamka kwamba yeye ni wa ukoo huo. Linalovutia ni jinsi anavyotamka. Weston alimfahamu Monk tangu ujanani na alikuwa akimtembelea nyumbani kwake. Kama angetaka kumuiga, asingekosa ujuzi. Katika albamu hiyo haigi. Anachukua kutoka kwa Monk jambo moja, yaani ujasiri wa kuacha ukimya mahali ambapo mpiga piano mwingine angejaza noti kumi, na ukimya huo anaukabidhi kwa ngoma. Nafasi ambayo kwa Monk ilibaki wazi, hapa inakaliwa na mikono ya Asante. Kutoka kwa Ellington anachukua uzito wa sauti za chini. Weston alikuwa mtu mrefu sana, wa takriban mita mbili, mwenye viganja vipana, na mkono wake wa kushoto hupiga upande wa chini wa piano kama mtu anayepiga ngoma kuu. Katika rekodi hizi za Paris, pengine kwa mara ya kwanza, fundi mitambo ameuweka mkono huo mbele ya msikilizaji.

4.0 Melba Liston na mwaka 1991

Albamu inayostahili kupewa nafasi kubwa zaidi katika mjadala huu ni The Spirits of Our Ancestors, iliyorekodiwa New York mwezi Mei 1991 na kutolewa katika diski mbili. Waliopiga ni pamoja na wapiga saksafoni Pharoah Sanders, Dewey Redman na Billy Harper, mpiga tromboni Benny Powell, na wapiga besi wawili, Jamil Nasser na Alex Blake. Dizzy Gillespie alialikwa kwa ajili ya kipande kimoja, African Sunrise. Azzedin Weston, mwanawe Randy, yumo upande wa ngoma. Huyu ndiye mtoto aliyeitwa Niles zamani, ambaye baba yake alimtungia Little Niles katika miaka ya 1950.

Mtu wa muhimu zaidi katika albamu hiyo hapigi ala yoyote. Melba Liston, aliyezaliwa mwaka 1926 kama Weston, alikuwa mpiga tromboni na mpangaji wa muziki aliyefanya kazi naye tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiye aliyeipangia bendi kubwa Uhuru Afrika. Mwaka 1985 alipatwa na kiharusi kilichomfanya ashindwe kupiga tromboni tena. Alijifunza kupanga muziki kwa kutumia kompyuta, na kwa njia hiyo akaandika mipangilio ya mwaka 1991.

Athari ya jambo hilo katika sauti ni suala linaloweza kujadiliwa. Mipangilio ya mwaka 1960 ilijaa: ala za upulizaji zilijibizana karibu muda wote, na piano ilikuwa moja tu kati ya sauti nyingi. Mipangilio ya mwaka 1991 ni myembamba zaidi. Ala za upulizaji huingia kwa pamoja, hutamka sentensi fupi nzito, kisha hujiondoa na kumwachia mpigaji mmoja uwanja mrefu. Inawezekana kabisa kuhusisha wembamba huo na mazingira ya kazi ya Liston, lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi, kwa kuwa wembamba huo huo unaonekana katika piano ya Weston ambaye hakuwa mgonjwa. Maelezo yanayoridhisha zaidi ni kwamba watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 30 walikuwa wamefika mahali pamoja pa kuacha yasiyo ya lazima. African Cookbook inaonyesha hivyo. Ilipoonekana mwaka 1964 ilikuwa na saksafoni ya Booker Ervin, ambaye jina lake la utani, Book, limefichwa ndani ya jina la kipande. Mwaka 1991 Ervin alikuwa amekwisha kufariki miaka 21 kabla. Kipande kimenyooshwa kikawa kirefu, na mahali pa saksafoni moja pamekuwa na sauti kadhaa zinazopokezana. Aliyeondoka hakuzibiwa pengo na mtu mmoja.

Suala la haki ya Liston lina uzito wake katika historia ya jazi, ambayo imezoea kuandika jina la mwanamume mbele na jina la mwanamke aliyepanga kazi hiyo kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. Katika Volcano Blues ya mwaka 1993, majina mawili yaliwekwa mbele ya jalada: Weston na Liston. Ilichukua zaidi ya miongo mitatu kufika hapo. Alifanya naye kazi pia katika Earth Birth, iliyorekodiwa Montreal mwaka 1995 pamoja na ala za nyuzi, na alifariki mwaka 1999. Uchambuzi wowote wa “mtindo wa Weston” unaopita bila kutenganisha mchango wa wawili hawa unabaki na kasoro ya msingi.

5.0 Blue Moses na mamlaka ya Wagnawa

Katika miaka yake ya Tangier, Weston alikutana na Wagnawa, jamii ya Moroko yenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, ambao muziki wao wa ibada ya usiku hupigwa kwa gimbri, yaani zeze la nyuzi tatu lenye sauti nzito, pamoja na vikorombwezo vya chuma. Katika ibada hiyo kila kundi la pepo lina rangi yake, na buluu ni rangi ya Sidi Musa, anayehusishwa na bahari. Blue Moses imetokana na muziki huo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba pepo wana ngoma zao na mavazi yao, hatahitaji maelezo marefu.

Toleo la mwaka 1972 lilichukua mahadhi ya Wagnawa na kuyavika mavazi ya New York, pamoja na piano ya umeme. Katika toleo la mwaka 1991, gimbri yenyewe imo, ikipigwa na Yassir Chadly, Mmoroko, na saksafoni ya Pharoah Sanders inalazimika kusafiri katika njia iliyowekwa na nyuzi hizo tatu. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1992, hatua ya tatu ilifanyika Marrakech. Wakuu wa Wagnawa kutoka miji mbalimbali walikusanywa, wakarekodiwa, na kazi hiyo ikatolewa kwa jina la The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco. Jina la Weston limo katika jalada, lakini piano yake inasikika katika kipande kimoja tu. Katika vilivyosalia amenyamaza na kuwaacha wenyewe.

Hatua hizi tatu, zikitazamwa pamoja, zinatoa jibu kwa swali ambalo huulizwa kwa haki kuhusu wanamuziki wa Marekani waliokuja Afrika: je, walichukua au walijifunza? Jibu la jumla halipo. Katika mfano huu, hata hivyo, mwelekeo unasomeka kwa tarehe. Mtunzi anaanza kwa kuwaweka Wagnawa ndani ya muziki wake, anaendelea kwa kuwaweka kando yake, na anafika kwa kujiweka yeye ndani ya muziki wao. Mwanahistoria aliyesoma tarehe ya 1972 peke yake angekuwa na sababu ya kumshutumu.

Si kwamba picha ya Afrika katika rekodi hizi haina dosari. Weston alilelewa na baba mfuasi wa Marcus Garvey, aliyemfundisha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na Afrika aliyoirithi kutoka kwa baba huyo ilikuwa moja, ya kale na tukufu. Kuanzia miaka ya 1990, majina ya albamu zake yanazidi kuelekea Misri ya kale: Khepera mwaka 1998, Zep Tepi mwaka 2006. Afrika ya foleni, ya vyama na ya redio, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipiga muziki wa dansi wakati huo huo, inasikika kwa nadra. Kipande cha African Village Bedford-Stuyvesant, ambacho kimo mara mbili katika albamu ya mwaka 1991, kinaonyesha njia nyingine aliyoweza kuifuata zaidi: kinaunganisha kijiji cha Afrika na mtaa wa Brooklyn aliokulia katika jina moja, bila kupitia kwa mafarao.

6.0 Uhuru Kwanza bila maneno

Linalofuata ndilo lenye uzito zaidi kwa taaluma ya Kiswahili. Imezoeleka kudhani kwamba Uhuru Afrika ilikuwa tukio la mara moja. Rekodi za baadaye zinaonyesha vingine. Kucheza Blues, sehemu ya nne ya kazi ile, inarudi katika Volcano Blues mwaka 1993. Uhuru Kwanza, sehemu ya kwanza, inarudi katika Saga, iliyorekodiwa Aprili 1995. African Lady, sehemu ya pili, inarudi katika The Roots of the Blues ya mwaka 2013, ambayo Weston aliipiga na Billy Harper, wawili peke yao.

Mwaka 1960 Weston alikichagua Kiswahili kwa makusudi. Katika kumbukumbu ya maisha yake, iliyoandaliwa na Willard Jenkins na kutolewa mwaka 2010, anaeleza kwamba alitafuta lugha ya Kiafrika itakayosimama kwa niaba ya bara zima, na ushauri alioupata kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa Kiswahili. Hata umbo la jina la albamu linastahili kutazamwa. Uhuru Afrika si uhuru wa Afrika, hakuna kihusishi. Jina linasomeka kama mwito, kama maandishi ya bango linalobebwa juu ya vichwa vya watu. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ililielewa hivyo, ikaipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964.

Katika matoleo ya baadaye mwito huo umevuliwa maneno. Uhuru Kwanza ya mwaka 1995 inapigwa na kikundi kidogo, Billy Higgins akiwa kwenye drami, bila msomaji wa shairi. African Lady, ambayo mwaka 1960 iliimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, mwaka 2013 ni saksafoni na piano tu. Harper anabeba mahadhi polepole karibu na namna mwimbaji angeyatamka, na mkono wa kushoto wa Weston unafanya kazi iliyofanywa zamani na bendi nzima. Kiswahili kimebaki katika majina ya vipande na kutoweka katika sauti.

Mtu anaweza kulisoma jambo hilo kama hasara, na usomaji huo una ukweli. Usomaji mwingine unahitaji kuzingatia tarehe. Saga ilirekodiwa mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa Aprili 1994 ulioumaliza utawala wa makaburu, yaani utawala ule ule uliokuwa umeipiga marufuku kazi ya mwaka 1960. Mwito wa kudai uhuru kwanza ulikuwa umepoteza aliyekuwa akiitwa. Kilichobaki ni mahadhi, na mahadhi hayo yanapigwa kama yanavyopigwa mambo yaliyokwisha kuwa mali ya wote, ambayo msikilizaji anatarajiwa kuyajua bila kuambiwa. Hapa linganisho na taarabu lina msaada. Bi Kidude aliimba nyimbo zilizohusishwa na Siti binti Saad hadi uzeeni kabisa, na hadhira ya Zanzibar haikumlaumu kwa kukosa jipya. Ilikwenda kusikia namna miaka ilivyobadilisha neno lile lile. Wahakiki wa Weston hawakumpa fursa hiyo.

7.0 Sauti ya msimulizi yarejea

The African Nubian Suite ilirekodiwa mbele ya hadhira katika Chuo Kikuu cha New York tarehe 8 Aprili 2012, siku mbili baada ya Weston kutimiza miaka 86, na kutolewa mwaka 2016 kwa lebo yake mwenyewe. Ndiyo kazi yake inayofanana zaidi na Uhuru Afrika kwa ukubwa na kwa nia: wapigaji wengi, sehemu nyingi, na safari ya historia inayoanzia Nubia, kwenye bonde la Nile. Waliokusanywa ni pamoja na mpiga kora Salieu Suso, Min Xiao-Fen na zeze la Kichina la pipa, wanamuziki wa Gnawa, mpiga ngoma mkongwe Candido kutoka Cuba, na mshairi Jayne Cortez, aliyefariki Desemba mwaka huo huo. Kama utungo, haina mshikamano wa kazi ya mwaka 1960. Liston hayupo, na kukosekana kwake kunasikika katika namna vipande vinavyofuatana badala ya kujengana. Nguvu yake iko katika kurasa ndogo, pale piano inapobaki na ala moja.

Baada ya miaka 52, sauti inayozungumza juu ya muziki imerudi. Kuna msimulizi, Wayne Chandler, anayemweleza msikilizaji mahali safari ilipofika kabla ya kila hatua. Mwaka 1960 kazi hiyo ilifunguliwa kwa Kiswahili na mtu aliyetoka katika nchi isiyokuwa huru bado. Mwaka 2012 msimulizi anazungumza Kiingereza, na anazungumza kuhusu Afrika kwa hadhira ya New York ambayo haidhaniwi kuijua. Majina ya Kinubi na ya Misri ya kale yanatamkwa na kufafanuliwa moja baada ya jingine, kisha msimulizi ananyamaza na Weston anaanza peke yake, upande wa chini kabisa wa piano.